Kupamba nyumba kwa majani, maboga na koni za paini bila kitu kuoza: mwongozo kamili kwa tunaokaa huku kwenye baridi

Kila ikifika Oktoba napokea meseji zile zile. Mmoja anasema majani yake ya mepo (mti wa maple) yalikuwa mekundu mazuri siku ya kwanza, siku ya nne yamejikunja yote na yanamwagika unga mezani. Mwingine boga limetoa maji chini limeharibu kapeti, na mwenye nyumba anataka alipwe. Mwingine kaweka koni za paini, yale matunda makavu ya magamba ya msonobari, kwenye bakuli sebuleni, kesho yake buibui wanatembea ukutani na watoto hawataki kukaa hapo.

Hayo matatizo yote yana mzizi mmoja, nao ni unyevu. Vitu vimetoka nje vina maji ndani yake, vimeingizwa vikiwa vibichi, vimepangwa siku hiyo hiyo. Kausha kwanza, panga baadaye, na hapo katikati kunaweza kupita wiki mbili. Ukiikubali hiyo subira hutanitumia tena meseji, ukiikataa hata ununue vitu vya dola mia itakuwa yale yale.

Mimi niko Minnesota kwa hiyo tarehe na miti nitakayotaja ni ya huku, aliye Ohio au Toronto asogeze siku kidogo. Na nikisema vuli simaanishi mvua zile za kwetu za Oktoba mpaka Desemba, namaanisha haya majira ya majani kupukutika, kuanzia mwisho wa Septemba mpaka sikukuu ya Shukrani (Thanksgiving) ambayo hapa Marekani ni Alhamisi ya nne ya Novemba.

Vitu vya kuandaa kabla hujatoka nje

Vya kuokota: majani, koni za paini, njugu za mwaloni (acorn, mbegu za mti wa oak) na vile vikofia vyake, matawi makavu, na nyasi ndefu zenye mashuke.

Vya kununua: maboga, vile vibuyu vidogo vya rangi rangi, mahindi ya rangi, fungu la ngano kavu. Wakulima wanauza pembeni ya barabara, mara nyingi bei iko chini kuliko supamaketi.

Vifaa: mkasi wa kupogolea, glavu, mifuko ya karatasi (sio ya plastiki, nitaeleza), magazeti ya zamani, vitabu vizito, trei ya oveni, foili, karatasi ya kuokea, gliserini, nta ya nyuki kama nusu kilo, jiki, gundi ya moto, waya mwembamba wa maua, kamba ya katani, ndoano za kubandika zisizohitaji msumari.

Kama una ungo au vikapu vya nyumbani vitoe kabatini, tutavihitaji. Kanga pia.

Hatua ya 1: Okota siku kavu, na ujue unachookota

Subiri mvua ikatike siku mbili, afu toka saa nane mchana hivi, umande umeshakauka. Jani lililolowa likiingia kwenye kitabu linaota ukungu kabla halijakauka, na ukungu unaambukiza mengine yote uliyoyaweka pamoja.

Maeneo ya Minneapolis na St. Paul rangi zinakolea kuanzia mwisho wa Septemba mpaka katikati ya Oktoba, kaskazini zinawahi. Chagua majani yaliyodondoka leo au jana, ambayo ukiyakunja kidogo yanarudi. Yaliyokwisha kuwa makavu chini ya mti achana nayo, hayaokoleki. Mepo anakupa nyekundu na machungwa, mwaloni kahawia yenye wekundu, mti wa ginkgo njano tupu kama kiini cha yai la kienyeji.

Weka kwenye mfuko wa karatasi kwa sababu karatasi inapumua, plastiki inafungia jasho ndani na kwa masaa machache tu majani yanaanza kuwa na madoa.

Onyo, na hili tafadhali lisome mara mbili. Kuna mmea Wamarekani wanauita poison ivy. Vuli unageuka mwekundu mzuri kabisa, ndo maana wageni wanauchuma. Majani yake yanakaa matatu matatu, la katikati lina kikonyo kirefu kuliko ya pembeni, na mmea wenyewe ukipanda juu ya mti kamba yake ina manyoya manyoya. Mafuta yake yanatoa upele na malengelenge ya kuwasha wiki mbili tatu, na hata ukikauka yale mafuta bado yamo, kwa hiyo usiseme ngoja nikaushe itakuwa salama. Usiuchome moto pia, moshi wake ukiuvuta unaumiza mapafu. Ukishaugusa osha kwa sabuni na maji mengi haraka, na glavu na nguo nazo zifuliwe.

Mwingine ni ule mtambaa wenye matunda madogo ya machungwa yanayopasuka, oriental bittersweet. Kwenye shada la mlangoni unapendeza kweli, lakini matunda yake ni sumu, na ni mmea vamizi unaonyonga miti, Minnesota umepigwa marufuku. Uuache.

Na usikate matawi kwenye mbuga za jimbo, hairuhusiwi. Uani kwako, kwa jirani uliyemwomba, au pembeni ya njia ya nyumba zenu panatosha, watu wanafurahi ukiwapunguzia majani ya kufagia.

Umefanikiwa kama: majani ni laini, makavu kwa nje, hayana matundu wala madoa meusi, na unajua ni mti gani kila moja limetoka.

Hatua ya 2: Majani, hapa ndipo wengi wanaanguka

Njia ziko tatu na kila moja ina kazi yake, usichague kwa sababu tu ndo umeiona kwa mtu.

Kukandamiza. Hii ni kwa majani utakayobandika kwenye dirisha, kwenye kadi au kwenye fremu. Panga majani kati ya kurasa mbili za gazeti yasigusane, weka juu yake vitabu vizito au hata debe la mchele, acha wiki moja mpaka mbili. Siku mbili za kwanza badilisha gazeti kila siku, maana maji mengi yanatoka hapo na gazeti likishalowa halinyonyi tena. Jani linajikunja likipoteza maji bila uzito juu yake, ukilibana linakauka likiwa limenyooka. Kukausha kwa pasi au microwave kunawezekana ila rangi inapauka na kwenye microwave nimeona la mtu limeanza kuungua, sipendekezi.

Nta. Hii inahifadhi rangi vizuri kuliko zote na ndiyo ninayoipenda. Lazima jani liwe limekandamizwa siku tatu nne kwanza, maana ukifungia maji ndani ya nta litaoza likiwa ndani ya nta. Yeyusha nta kwenye bakuli la bati lililokaa ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka polepole. Usiiweke nta moja kwa moja kwenye jiko hata kama unaharaka vipi, nta ikipata moto kupita kiasi inashika moto kama mafuta ya kukaangia, na ikishika moto usimwage maji, funika na mfuniko uzime jiko. Nta ya nyuki inayeyuka kama nyuzi 62 mpaka 64 za Selsiasi, ikishayeyuka yote punguza moto. Shika jani kwa kikonyo, lichovye sekunde mbili, toa, liache lichuruzike, lilaze kwenye karatasi ya kuokea. Likigeuka kahawia papo hapo nta yako ni ya moto mno, zima usubiri dakika tano. Nta iliyobaki usimwage kwenye sinki, itaganda ndani ya bomba, iache igande kwenye bakuli utumie mwakani.

Gliserini. Ndio, ile ile tuliyokuwa tunapakwa miguuni wakati wa baridi. Inaingia kwenye jani mahali pa maji na kwa kuwa yenyewe haikauki jani linabaki laini kama ngozi, hata ulikunje halivunjiki, kwa hiyo hii ndo ya kutumia kwenye shada na kwenye vyombo vinavyoguswa guswa. Changanya sehemu moja ya gliserini na sehemu mbili za maji, mimina kwenye trei bapa, zamisha majani, weka trei nyingine juu yasielee. Siku mbili mpaka sita, yatoe, yapanguse kwa kitambaa.

Kosa linalojirudia hapa ni kuweka tawi zima lenye majani mekundu kwenye jagi la gliserini kama ua kwenye vesi. Haliwezi kunywa. Mti ukishaanza kubadilisha rangi unaziba ile njia kati ya tawi na jani, ndo maana jani linadondoka. Tawi la kunyweshwa gliserini linatakiwa likatwe likiwa bado kijani, Agosti au Septemba mwanzoni, ulipondeponde chini kwa nyundo na kulisimamisha wiki mbili tatu. Mkaratusi ndo unakubali kuliko yote, na madukani huku wanauza kifungu kidogo bei ya ajabu wakati kwetu tunapita chini yake kila siku.

Umefanikiwa kama: jani la kukandamiza linalia kavu ukiligonga, la nta linang'aa kidogo bila matone meupe, la gliserini linapinda bila kuvunjika na halikuachii utelezi mkononi. Kumbuka gliserini inakoza rangi, nyekundu inaenda kwenye zambarau au kahawia, hujakosea.

Hatua ya 3: Koni na njugu zipite oveni

Koni ina utomvu, ina mayai ya wadudu na ina vumbi. Iloweke nusu saa kwenye maji yenye siki kidogo, sugua, iache ikauke siku nzima juu ya gazeti. Itajifunga ikiwa imelowa, usishtuke, ikikauka inafunguka.

Washa oveni nyuzi 93 za Selsiasi, kwenye oveni za huku ni 200 za Farenhaiti. Tandika foili kwenye trei, utomvu ukiyeyuka utagandia trei yako na hautoki. Panga koni zisipandane, dakika 30 mpaka saa moja. Kaa jikoni muda wote, hii sio kitu ya kuacha ukaenda kuoga, na fungua dirisha maana harufu ya utomvu ni nzito na king'ora cha moshi kinaweza kulia.

Njugu za mwaloni ndio zenye siri mbaya zaidi. Ukiona tundu dogo la mviringo kuna funza alishatoka, usipoliona huenda bado yumo ndani. Zimimine kwenye ndoo ya maji, zinazoelea tupa, zilizozama pangusa na uzioke kwa nyuzi 80, yaani 175 za Farenhaiti, kama saa mbili huku ukizigeuza kila nusu saa. Vikofia vitachomoka, utavirudisha kwa gundi.

Wenye mbwa na watoto wadogo: mbwa akila njugu hizi anaumwa, na mtoto zinamkaba. Ziweke juu.

Umefanikiwa kama: koni zimefunguka zote na utomvu umegeuka kama vanishi, hazinati tena. Njugu ukizitikisa zinagonga ndani.

Hatua ya 4: Mahindi ya rangi na ngano

Hii ni fupi. Mahindi na ngano vifunge kwenye mfuko uweke friza siku nne, kama umewahi kukaa na gunia la mahindi nyumbani unajua dumuzi wanavyofanya kazi, basi na ya mapambo wanayo hao hao au binamu zao. Ukitoa yaache ndani ya mfuko mpaka yapoteze ubaridi ndipo ufungue, ukifungua mapema yanatoa jasho na unyevu umerudi. Usiyaning'inize nje chini, panya na kindi watamaliza usiku mmoja.

Hatua ya 5: Boga lidumu miezi na sio siku

Chagua boga gumu lenye kikonyo. Kikonyo kikivunjika pale pamekuwa kidonda na kuoza kunaanzia hapo, kwa hiyo usilibebe kwa kukishika, libebe kwa chini kama unabeba mtoto. Bonyeza kote kwa kidole gumba hasa kitako, pakibonyea liache.

Wale mliopanda maboga bustanini kwa ajili ya majani ya mboga, mwezi wa tisa huwa mnajikuta na maboga mengi, kateni kabla ya baridi ya kugandisha haijaingia, muache kikonyo kama kiganja kizima, na muyaanike juani siku kumi hivi ngozi ikaze.

Sasa osha. Kijiko kikubwa kimoja cha jiki kwenye lita 4 za maji, pangusa boga lote mpaka pale kikonyo kilipoungana, maana ukungu unakaa hapo. Usichanganye jiki na siki wala dawa nyingine ya usafi, inatoa gesi ya hatari. Afu likaushe kabisa kwa taulo, na liache usiku mzima mahali penye hewa. Watu wanaosha vizuri halafu wanaliweka likiwa limelowa, basi kazi imeharibika.

Mahali: boga linapenda nyuzi 10 mpaka 15 za Selsiasi, sio karibu na tundu la hita, sio juani dirishani. Chini weka kipande cha boksi au ungo, usiliweke moja kwa moja kwenye kapeti wala mbao, na kanga usiitandike chini ya boga kama unaipenda, weka sahani kati. Kila Jumamosi linyanyue uone chini. Usiku ikitabiriwa baridi ya kugandisha lililo barazani liingize ndani, likiganda na kuyeyuka mara moja tu limekwisha.

Boga zima ukilitunza hivi linafika mwezi mpaka miezi miwili mitatu. Lililochongwa sura kwa ajili ya Halloween, Oktoba 31, linakaa siku tatu mpaka wiki, hakuna dawa, kwa hiyo chonga tarehe 29 na sio tarehe 10.

Vile vibuyu vidogo vya mapambo visipikwe kwenye futari. Vingi vina uchungu na ule uchungu ni sumu, ukionja ukasikia uchungu tema.

Umefanikiwa kama: baada ya wiki mbili ngozi bado ngumu, chini pakavu, hakuna inzi wadogo.

Hatua ya 6: Shada la mlangoni lisilovunjika

Mduara tengeneza kwa kamba za mzabibu ukizisokota zikiwa mbichi, au nyoosha hanga ya waya uifanye mviringo na kuizungushia kamba ya katani. Katani inasaidia sana, waya mtupu vitu vinateleza vinashuka chini vyote.

Anza na vizito. Koni kwanza, pitisha waya kwenye safu ya chini ya magamba yake, kaza, afu funga kwenye mduara. Gundi ya moto peke yake kwa koni hapana, mlango ukifungwa kwa nguvu mara kadhaa inabanduka, na nje gundi ikishapata baridi kali inakuwa kama kioo inaachia. Waya unashika uzito, gundi inashika vidogo kama njugu.

Kisha mashuke ya ngano, yote yaelekee upande mmoja kufuata mduara kama manyoya ya kuku, la sivyo linaonekana kama kiota. Majani ya gliserini mwisho, matatu matatu, funga vikonyo kwa waya kisha chomeka kati ya koni kuficha nyaya. Usijaze mduara wote, mimi najaza theluthi moja ya chini upande wa kushoto, sehemu nyingine naacha kamba ionekane, jicho linapata pa kupumzika.

Mlango wa apatimenti usipigilie msumari. Futa pale kwa spiriti, bandika ndoano, subiri saa moja kabla ya kutundika, na soma uzito kwenye pakiti, pima shada lako kwa mizani ya jikoni.

Umefanikiwa kama: unalishika shada unalitikisa kwa nguvu juu ya gazeti na hakuna kinachodondoka.

Hatua ya 7: Kupanga ndani

Chagua sehemu tatu tu, mlangoni, mezani, na dirisha moja. Ukitawanya kila kona inaonekana kama hujafagia.

Mezani tandaza kanga yenye rangi za moto, ya kahawia, ya chungwa au nyekundu iliyokoza, ikunje kwa urefu ipite katikati. Juu yake ungo, ndani ya ungo vibuyu vitatu vya ukubwa tofauti, koni pembeni, majani ya nta yakiwa yametokeza nje kidogo. Vipande vya chungwa vilivyokaushwa vinaongeza harufu, kata nusu sentimita, oveni nyuzi 93 kwa masaa matatu hivi ukivigeuza.

Mishumaa tumia ya betri. Namaanisha. Majani makavu, nta, ngano, utomvu, hivyo vyote ni kuni, na jirani zako wamelala ukuta wa pili.

Hatua ya 8: Kuangalia na kuondoa

Hita ikishaanza hewa ya ndani inakauka sana, majani ya kukandamiza yataanza kumomonyoka mwezi wa kumi na moja. Yapeleke mbali na matundu ya hita, yanayovunjika badilisha kwa ya nta uliyobakiza.

Shukrani ikipita, maboga, machungwa na majani yaliyochoka peleka kwenye mboji. Koni, njugu, ngano na majani ya gliserini vikague kama vina unga unga au utando, visafi viweke kwenye boksi la karatasi, kila aina na gazeti lake, boksi likae juu ya kabati na sio besimenti kwenye unyevu. Shada litundike ndani ya boksi kwa kamba, ukililaza koni zitavunja mashuke. Andika mwaka juu ya boksi, mwakani Septemba fungua, rudisha koni oveni dakika 20, na utakuwa umebakiza kuokota majani na kununua maboga tu.